Usiguse Caprica, anza na ile ya 2003

Mkuu weka rimoti chini kwanza. Umeandika unataka kuanza Battlestar Galactica, ile tamthilia ya anga za juu ya binadamu wanaokimbizwa na mashine, kwa sababu umesikia uigizaji wake ni moto na mambo ya imani yamejaa, ukauliza nani anaigiza vizuri kuliko wote, kama ile ya zamani ya 1978 ni lazima uione, na kama mtu wa dini atakwazika. Sawa, maswali mazuri, hayo ya 1978 na dini yasubiri kwanza. Lakini mdau mmoja kakwambia uanze na Caprica, ile tamthilia ya pembeni inayoeleza ya kabla ya Galactica, "ili uzijue dini za mle tangu chimbuko", na we umejibu eti unaianza leo usiku. Usiianze.

Hiyo listi ya "mpangilio wa matukio" naijua, ndo ileile niliyopewa mimi na mjuaji mmoja, kaipamba na namba na mishale, Caprica kwanza, halafu Blood & Chrome, halafu ndo Galactica yenyewe, na The Plan kaichomeka katikati huko. Nikaifuata kama ilivyo kwa sababu jamaa aliandika kwa kujiamini, na mtandaoni mtu akijiamini tunamwita profesa. Nimekuja kujua baadaye mwenyewe aliishia msimu wa 2, yaani ananielekeza njia ya kijiji ambacho hajawahi kufika. Nimeshamsamehe, ila akipata mafua pole yangu asiisubiri.

Sasa sikiliza kwanini nimewaka hivi. Caprica ilitoka 2010, Galactica ikiwa imeshaisha toka Machi 2009. Ndiyo, hadithi yake inatokea miaka 58 kabla ya ile ya Galactica, lakini imeandikwa kwa ajili ya watu ambao tayari wameshaona kila kitu, na kazi yake kubwa ni kukueleza kwanini Cylon, zile mashine zilizotengenezwa na binadamu zikaja kuasi, wanaamini Mungu mmoja wakati binadamu wenyewe mle wanaabudu miungu wengi. Hilo jibu ukiingia nalo Galactica umejimaliza mwenyewe. Kwa sababu Galactica inaanza na Cylon waliorudi na sura ya binadamu, na mmoja wao, yule Six wa Tricia Helfer, mapema kabisa anamwambia mwanasayansi Baltar habari za Mungu, Baltar anamkejeli, na we mtazamaji unatakiwa ukae na swali kichwani, hii mashine Mungu imemtoa wapi? Anadanganya? Kapangiwa aseme hivyo? Au anaamini kweli kuliko mimi? Swali hilo linakuburuza misimu minne. Mi sikuburuzwa popote, nilikaa pale nimekunja nne nasema aah, hili nalijua.

Mfano, msimu wa 1 episodi ya 8, Flesh and Bone. Wamemkamata Cylon mmoja anaitwa Leoben, anaigiza Callum Keith Rennie, anasema kaficha bomu la nyuklia kwenye mojawapo ya meli za angani za binadamu waliosalia, na rubani Starbuck anatumwa kumhoji. Wako wawili tu na meza na walinzi. Starbuck anakula mbele yake kwa makusudi ili amuone kama mashine inasikia njaa, anamuangalia jasho linavyomtoka, wanamtumbukiza kichwa kwenye ndoo ya maji, na jamaa katikati ya mateso anaomba. Anaongea habari za Mungu kwa utulivu mpaka we mwenyewe unaanza kujishuku uko upande gani. Halafu mwishoni Starbuck akiwa peke yake anatoa visanamu vya miungu yake, huyu huyu dada mlevi mgomvi wa kucheza kamari, anamuombea yule adui, kwamba hajui kama alikuwa na roho, ila kama alikuwa nayo basi waitunze. Katee Sackhoff anaisema sala ile kama mtu anayeona aibu kukutwa anaomba. (Ndiyo nimekutobolea kidogo, hasira hizo, utanisamehe.) Sasa fikiria unaangalia kitu kama hicho huku listi ya mjuaji imeshakupa maelezo yote ya kitaalamu kuhusu imani ya Leoben ilikotoka. Sala yote inakuwa kama risiti.

Na hiyo ni nusu ya hasara. Nusu nyingine ni The Plan. Hii ni muvi ya 2009, kaiongoza Edward James Olmos mwenyewe, anayeigiza Adama, kamanda wa meli ya Galactica, inarudia matukio ya mwanzo kwa jicho la Cylon. Kwa jicho la Cylon, umeelewa maana yake? Inakuonesha nani ni nani. Siri ambayo watu walikaa nayo miaka wakibishana, yule ni Cylon, hapana ni huyu, mi listi ilinipa mkononi bado niko katikati ya msimu wa 2. Kuna waigizaji mle wanacheza watu wanaojishuku wenyewe, wanaogopa wasije wakawa ndo adui, na uso wa mtu anayejishuku ni utamu kama na we hujui. Ukijua unabaki unahesabu episodi zilizobaki. Nilikuwa najisemesha "aah inakuja hiyo" kama mzee anayeangalia mechi ya marudio. Aliyeiweka ile muvi pale sijui alikosewa nini na dunia.

Kwa hiyo anza na ile ya sehemu mbili ya Desemba 2003. Angalia sana hapa kwa sababu sehemu nyingi inawekwa peke yake, nje ya msimu wa 1, mtu anabofya msimu wa 1 anakutana na episodi ya "33" watu hawajalala Cylon wanawavamia kila dakika 33, nzuri sana lakini hujui hata hao watu ni akina nani. Ile ya 2003 ndo ina kitu chenyewe. Roslin wa Mary McDonnell ni waziri wa elimu, kwenye orodha ya kurithi urais ni wa 43, siku hiyohiyo kaambiwa ana saratani ya matiti, na kabla siku haijaisha anaapishwa ndani ya chombo cha abiria kwa sababu wote waliomtangulia wamekufa kwenye shambulizi la Cylon. Unamuona kanyoosha mkono kuapa na anatetemeka. Huyo ndo baadaye anaanza kuona maono baada ya kunywa dawa ya chamalla, na maandiko ya Pythia, nabii wao wa kale, yanamtaja kiongozi anayekufa, na hujui ni unabii au ni dawa, na McDonnell hakupi jibu hata kwa jicho.

Halafu msiba wa mwishoni. Maiti zimepangwa, kasisi kaomba, watu wanaitikia "na iwe hivyo" kwa sauti ya kufa. Adama wa Olmos anarudia. Wanaitikia kidogo. Anarudia tena, anawalazimisha, mpaka wanapiga kelele. Kisha anawaahidi kuwapeleka Dunia, sayari ambayo wao wanaisikia kwenye maandiko tu, anasema anajua ilipo. Nenda kaangalie mwenyewe Roslin anamwambia nini baadaye wakiwa wawili, na Adama anamjibu nini, maana imani yote ya misimu minne imejengwa juu ya mazungumzo yale mafupi ya watu wawili ambao wala hawaamini. Mi nilifika pale nimeshachoshwa na Caprica, nikapitiliza nikichezea simu.

Uigizaji mwingine utauona mwenyewe, ila James Callis kama Baltar anaongea na mtu ambaye wenzake hawamuoni, anachekesha na kutia huruma kwa mkupuo, mwanasayansi asiyeamini lolote, ngoja uone msimu wa 4 anaishia wapi.

Mpangilio basi: ya 2003, msimu wa 1 mpaka wa 3, muvi ya Razor ya 2007 hapo, msimu wa 4. The Plan ni baada ya episodi ya mwisho kabisa, ukiwa umeshagombana na kila mtu kuhusu ule mwisho. Caprica ukipenda, na huyo aliyekupa listi muulize kwanza msimu wa 3 unaishaje, akianza kujikanyaga we endelea na ya kwako.