Stesheni ya dizeli kwenye milima yetu: maswali na majibu

Safari hii maswali karibu yote yamehusu stesheni wagoni za dizeli: Mazda Atenza za lita 2.2 zinazoagizwa kutoka Japani, na Caldina za zamani ambazo bado zinapanda milima kila siku.

Nina watoto watatu. Asubuhi nawapeleka shule kutoka Soweto hadi Forest, kisha naenda dukani Mwanjelwa. Dar naenda mara moja kwa miezi miwili. Ninunue Atenza ya dizeli au stesheni ya petroli ya cc 1,500? (Mama wa familia, Mbeya mjini)

Chukua ya petroli, mama. Tunaipenda sana injini ile ya dizeli. Ina nguvu ya mzunguko ya Nm 420 kwenye mizunguko 2,000 tu, kwa hiyo gari likiwa na watu watano na mizigo linapanda mlima bila kunguruma. Lakini kwa safari zako haitapata nafasi ya kupata moto. Ndani ya ekzosi kuna chujio la masizi, ambalo mafundi wanaliita DPF. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi karibu 600, na kazi hiyo inahitaji dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Safari ya shule imekwisha kabla hata injini haijachemka vizuri.

Piga na hesabu. Tuseme ukienda kilomita 20,000 kwa mwaka, dizeli ikala lita 6.5 kwa kilomita 100 na petroli lita 8. Tofauti ni lita 300 kwa mwaka. Fedha hiyo inaweza kuishia kwenye matengenezo ya chujio moja lililoziba. Vilevile injini inayozidi cc 2,000 iko kundi la juu zaidi la ushuru wa bidhaa kuliko ya 1,500, kwa hiyo pitia kwanza kikokotoo cha TRA kabla hujatuma pesa Japani. Kama ungekuwa unakwenda Iringa kila wiki, tungekushauri kinyume chake.

Oili ya Atenza yangu inaongezeka badala ya kupungua. Fundi anasema maji yameingia, anataka kufungua silinda hedi. Nimruhusu? (Msomaji, Uyole)

Usimruhusu bado. Chomoa kijiti cha oili gari likiwa limezimwa kwa dakika kumi, mahali pa tambarare. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi, inakuwa kama chai ya maziwa, na maji ya rejeta nayo hupungua. Oili iliyoingiwa na dizeli hubaki nyeusi, ila ni nyepesi na inanuka dizeli. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uliache saa moja. Ukiona doa jeusi katikati limezungukwa na duara pana la mafuta mepesi, hiyo ni dizeli.

Inafikaje huko? Gari linapoanza kuchoma masizi, nozeli huongeza dizeli kidogo wakati moto wa silinda umeshapita, ili ikawashe joto kule kwenye ekzosi. Sehemu ya dizeli hiyo hugusa kuta za silinda, ikapenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili. Gari likimaliza kazi yake, kinachoshuka ni kidogo. Ukilizima katikati kila siku, linaanza upya kila siku na dizeli inazidi kushuka. Dalili kwamba kazi hiyo inaendelea: mizunguko inapanda kidogo gari likisimama, mfumo wa kujizima kwenye foleni unagoma, feni inazunguka kwa nguvu, na kuna harufu ya joto nyuma. Ukiziona, usizime. Endelea kuendesha hadi ziishe.

Kwenye kijiti cha injini hii kuna alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, imwage siku hiyo hiyo. Ikiachwa, beringi zinakosa ulinzi, na injini inaweza kuanza kuichoma oili yake yenyewe na kukimbia bila kuzimika kwa ufunguo. Weka takriban lita 5 za 0W-30 au 5W-30 yenye maandishi C3 au DL-1, pamoja na filta mpya. Tafadhali usiweke 15W-40 ya malori eti kwa kuwa bei yake ni nafuu: ina majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi. Yanakaa ndani ya chujio moja kwa moja.

Baada ya hapo litoe gari. Ukivuka Inyala na kushuka Igurusi, barabara inanyooka kwenye tambarare ya Usangu hadi Chimala. Shika kilomita 70 hadi 80 kwa saa, gia ikiwa chini kidogo ili mizunguko ikae kati ya 2,000 na 2,500. Vijijini rudi 50, tochi zipo na watoto wanavuka. Kama taa ya chujio inapepesa, usianze safari hiyo. Lipelekwe kwanza likapimwe kwa kompyuta. Na mtu akikwambia atalitoboa chujio tatizo liishe, kompyuta ya gari bado itaona shinikizo lisilo la kawaida, na moshi wote utawaendea watembea kwa miguu.

Mwezi wa sita na wa saba gari yangu inasumbua kuwaka asubuhi. Ikiwaka inatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja, kisha inatulia. (Msomaji, Makete)

Plagi ya hita moja au mbili zimekufa. Kwa baridi ya Makete silinda isiyopashwa inatema dizeli ambayo haijaungua, ndiyo huo moshi mweupe unaochoma macho. Chomoa waya wa juu wa kila plagi, upime ukinzani kati ya ncha ya plagi na bodi ya injini. Plagi nzima ya chuma huonyesha karibu omu 1 au chini yake. Iliyokatika haionyeshi kitu. Usizijaribu kwa kuzigusisha moja kwa moja kwenye betri kama injini ni ya kisasa, kwani nyingine zimeundwa kwa volti ndogo kuliko 12 na zitaungua mkononi mwako. Ukizifungua plagi, zifungue polepole, injini ikiwa na joto. Plagi iliyokatikia ndani ya hedi ni kazi nyingine kabisa.

Kama gari linagoma zaidi siku ulizoliegesha pua ikitazama juu ya mlima, lakini ukipiga pampu ya mkono juu ya filta linawaka mara moja, basi plagi hazina kosa. Hewa inaingia na dizeli inarudi kwenye tangi. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu, uangalie mapovu. Mara nyingi ni klipu iliyolegea au oringi ya filta.

Caldina van ya injini 2C. Kyela inakwenda vizuri, nikianza kupanda kwenda Tukuyu inatoa moshi mweusi na inakosa nguvu. (Dereva, Kyela)

Sehemu ya tatizo ni mwinuko wenyewe. 2C haina turbo. Kyela uko karibu mita 500 juu ya bahari. Ukifika Uyole umepita 1,700, na huko hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar. Pampu ya zamani inaendelea kumimina dizeli ile ile, na ile inayokosa hewa inatoka ikiwa masizi. Badilisha filta ya hewa kwanza. Ukikuta bado, peleka nozeli zikapimwe kwenye mashine. Inatakiwa kupuliza ukungu, siyo kudondosha. Skrubu ya dizeli kwenye pampu iguswe mwisho, na fundi wa pampu tu, robo mzunguko kwa wakati, baada ya kuweka alama mahali ilipokuwa. Ukiwa hapo uliza pia mkanda wa taiming umebadilishwa lini. Kilomita 100,000 ni ukomo wake, na ukikatika valvu zinapinda.

Nikishuka Kitonga kwenda Morogoro pedeli ya breki inakuwa laini kama sifongo. Pedi ni mpya. (Msomaji, Iringa)

Ndugu, hilo ni la hatari, usishuke tena kabla ya kulirekebisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Ikishanyonya maji, inaweza kushuka hadi 155. DOT 3 ya zamani inafika 140. Yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Mwaga yote, weka DOT 4 mpya, toa hewa magurudumu yote manne, na urudie kila miaka miwili.

Halafu badilisha namna ya kushuka. Dizeli haina kipepeo cha kuibana hewa kama petroli, kwa hiyo ukiachia mafuta injini haikushiki kama ulivyozoea. Ingia gia ya pili au ya tatu ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Kwenye otomatiki tumia M, yaani uchague gia mwenyewe. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, kanyaga tena. Ukisikia harufu, tafuta mahali salama pa kusimama. Usimwagie diski maji, zitapinda. Weka jiwe kwenye tairi badala ya kuvuta hendibreki hadi mwisho, na likumbuke jiwe hilo unapoondoka.

Stesheni inaweza kubeba magunia mangapi ya viazi pamoja na familia? (Msomaji, Mafinga)

Mengi ya magari haya yanabeba kilo 450 hadi 550, watu wakiwemo. Watu wazima wawili na watoto watatu ni kama kilo 270, mabegi 40. Kilichobaki ni gunia moja, labda moja na nusu, na lisiwe lumbesa. Lisukume hadi liguse mgongo wa kiti cha nyuma, chini kabisa. Ukisafiri bila abiria nyuma, funga mikanda ya viti vitupu, inasaidia kukishikilia kiti ukifunga breki ghafla. Jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema kwa mzigo kamili, tairi zikiwa baridi, na ushushe taa za mbele.

Kijijini tunauziwa dizeli ya madumu. Ina madhara? (Msomaji, Chunya)

Inayo, kwa maji na kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo inajisaga. Ukilazimika, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, iache nusu saa: maji yatatulia chini. Baadaye legeza kizibo cha chini ya filta hadi dizeli safi itoke, kifunge, kisha piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu.