"Glasi ngapi kwa wiki?"

Nilikwenda kwa daktari kutafuta mimba. Aliniuliza kama natumia pombe, nikajibu kidogo tu. "Kidogo ni glasi ngapi kwa wiki?" Hapo nikakwama. Kwetu Malindi mnazi haupimwi kwa glasi. Kibuyu kinakuja na mrija, soga zinaendelea, kikiisha kinaletwa kingine. Tena wa asubuhi ni mtamu mpaka unajiuliza kama ni pombe kweli. Huo huo ukifika magharibi umechacha, na nguvu zake unazijua siku ukitaka kusimama. Nikasema glasi mbili. Nilikuwa nadanganya.

Aliniandikia klomifeni, tembe moja ya miligramu 50 kila siku kwa siku tano. Dawa hiyo huufanya ubongo udhani estrojeni imepungua, nao ukazihimiza ovari zipevushe yai. Hakusema pombe itaiua dawa. Alisema afadhali niache, na mimi "afadhali" niliisikia kama ruhusa.

Siku ya nne tukaenda matangani Ganda, nikanywa kama wenzangu. Usiku kichwa kikagonga, mwili ukawaka joto. Asubuhi nikakaa kwenye cherehani nitunge uzi, tundu la sindano nikaliona mawili.

Sasa hiyo ni dawa au ni mnazi? Joto la ghafla na kichwa kuuma ni mambo ya kawaida kwa klomifeni. Macho kuingia ukungu au kuona maruerue ni jambo jingine: daktari anatakiwa ajue mapema, maana huenda akaisimamisha dawa. Mimi sikupiga simu. Ningeelezaje macho bila kutaja kibuyu? Nikanywa madafu, na tembe ya tano nikaimeza bila kuuliza mtu. Hilo msinifuate. Macho yalitulia, lakini mpaka leo sijui kilichoyachezea ni kipi, na hiyo ndiyo hasara niliyoiona mimi: ukichanganya, mwili ukisema kitu huelewi unasema nini.

Wengine huniambia, "Nitaacha nikishapata." Hesabu vizuri, dada. Yai hupevuka kwa kawaida siku tano hadi kumi baada ya tembe ya mwisho. Kutoka hapo mpaka ujue kama hedhi inakuja au haiji ni kama wiki mbili, na huenda siku hizo umeshabeba. Kwa mimba hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Na kama umepewa pia metfomini, ile dawa ya kisukari ambayo wengine wanaotafuta mimba huandikiwa, kunywa sana kunaweza kujaza asidi kwenye damu; ni nadra, ila likitokea ni la kukimbizwa hospitali.

Mume naye yumo. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, na ulevi huzidhoofisha. Wangu nilipomweleza alinyamaza, kisha akauliza, "Miezi mitatu kuanzia leo au kuanzia Jumatatu?"

Safari ya pili nilimweleza daktari yote, vibuyu na saa zake. Hakunigombeza, aliandika tu.

Kilichobaki kigumu ni watu. Shangazi yake mume wangu alinisogezea mrija: "Mwanangu, leo mnazi wangu umeukataa?" Sikutaka habari za tembe zienee kijiji kizima, nikasema jino linaniuma. Sasa kila nikikanyaga Ganda, kabla hata ya salamu, ananiuliza kwa nini sijaling'oa.