Ukipanda milima ya Tramuntana, ulizia maji kwanza

Wengi huenda Mallorca, kisiwa cha Uhispania, kwa ajili ya fukwe. Mimi nakushauri upande Serra de Tramuntana, safu ya milima ya mawe ya chokaa ya kilomita 90 hivi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Nimeitembea katika misimu tofauti, na kabla ya kuchagua njia huwa naulizia maji.

Mvua huko hunyesha vizuri, ila maji hulila jiwe la chokaa polepole, yakafungua nyufa na mapango na kuzama humo. Aliyeingia mapango ya Amboni, Tanga, atanielewa upesi. Unaweza kutembea mchana kutwa usikute kijito. Julai na Agosti sikushauri kabisa; nenda Aprili, Mei au Oktoba, na hata hapo beba lita 3 kwa kila mtu.

Kwenye Torrent de Pareis, korongo linaloshuka kutoka Escorca hadi baharini Sa Calobra, hatari ni maji kuzidi. Kuta zake zinapita mita 200. Likiwa kavu hupitika kwa kuparamia miamba. Mvua ikinyesha juu, maji hujaa ghafla na huna pa kutokea. Ukitilia shaka mawingu, ahirisha.

Mgeni aanze na Barranc de Biniaraix, karibu na Sóller: ngazi za mawe zinazopanda katikati ya matuta ya mizeituni. Kuta za matuta hayo zimepangwa jiwe juu ya jiwe, bila saruji, hivyo maji ya mvua hupenya na udongo ukabaki. Kwangu hiyo ndiyo fahari ya milima hii, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia. Tafadhali usizipande kuta hizo, wala using'oe jiwe. Likitoka moja, mvua huendeleza ubomoaji.

Tazama juu pia: tumbusi mweusi hupita, mabawa yakikaribia mita 3. Kwenye vidimbwi vya makorongo yumo chura mdogo aliyejulikana kwanza kwa mifupa ya kale tu, akadhaniwa ametoweka, kisha akakutwa hai. Dume hubeba mayai miguuni. Usioge humo.

Ukiweza, uwe Lluc, monasteri iliyo humo milimani, mkesha wa Krismasi. Katika kanisa lake mtoto huimba Cant de la Sibil·la, wimbo wa siku ya hukumu uliodumu tangu enzi za kati. Wahi mapema upate kiti, na uvae koti zito, maana huko juu baridi ni kali.