Rimoti ya Kuwasha Gari: Nyaya Ambazo Mafundi Wengi Wanaziruka

Juzi dada mmoja wa Makambako kaniandikia. Alisoma nilipoeleza kwamba gari langu linawaka asubuhi nikiwa bado jikoni na kikombe cha chai, naye anataka hivyo hivyo, maana baridi ya Makambako nayo si ya kuchezea. Fundi wake kamwambia ni kazi ya nusu saa. "Kaka, nimpe gari au nisubiri?"

Subiri, dada yangu. Na wewe mwenye boksi la alamu yenye rimoti ya kuwasha gari ulilonunua Kariakoo, limelala chini ya kitanda tangu mwaka jana, nawe subiri tuongee. Najua unachokitaka kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi. Mwezi wa saba, Uyole, Mbeya, saa kumi na mbili alfajiri, vioo vimejaa umande, unabonyeza kitufe ukiwa ndani, indiketa zinamweka na injini inaanza kunguruma yenyewe uani. Nani asiyetaka?

Lakini alamu yangu ya kwanza nilifungiwa na fundi. Simtaji, mwenyewe anajijua. Alifanya kazi kwa kasi ya kupendeza, rimoti ikalia twiti twiti, tukapeana mikono, nikalipa. Miezi ikapita vizuri tu. Kisha siku moja natoka Mbalizi napandisha Iwambi, mbele semi, nyuma semi, injini ikazima. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilizima tu kama mtu kazungusha ufunguo.

Kama hujawahi kuzimikiwa na gari mlimani, nikueleze. Usukani unakuwa mzito hapo hapo. Breki ukikanyaga mara ya kwanza inashika, ukiikanyaga tena na tena pedali inakuwa ngumu, kwa sababu nguvu inayokusaidia kubana inatokana na injini, na injini haipo tena. Nililivuta gari pembeni, handibreki hadi mwisho, huku honi ya lori naisikia kwenye mbavu. Utingo wa lile lori akaruka chini na jiwe lake, akalisukumia nyuma ya tairi langu bila hata kuniangalia, akaondoka zake. Sijui jina lake mpaka leo. Mungu ambariki.

Nikafungua kifuniko cha chini ya usukani. Waya mnene unaotoka kwenye swichi ya ufunguo ulikuwa umekatwa, ncha zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imelainika hadi inavutika kama gundi, ganda la waya limegeuka kahawia, na nilipogusa nikaondoa mkono haraka. Shaba ndani ilikuwa imepauka, nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zimebaki zimeshikana.

Hapa ndipo penye somo, kwa hiyo nisome polepole. Alamu nyingi zina rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kukata umeme ili mwizi asiwashe gari. Rilei hiyo ukiiweka kwenye waya wa stata, ile mota inayoizungusha injini hadi iwake, siku kiungo kikilegea gari litakataa kuwaka, utapanda bajaji na maisha yataendelea. Ukiiweka kwenye waya wa ignisheni, ule unaoilisha injini muda wote unapotembea, siku kiungo kikilegea injini inakufa ukiwa barabarani. Fundi wangu alikata wa ignisheni kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono wake. Nilipomrudia akaniambia, mbele ya wateja wengine, "Gari lako zee, mzee, nyaya zimechoka." Neno hilo bado linaniuma kuliko hela niliyompa.

Basi nikaamua nitafunga mwenyewe. Shemeji yangu alicheka: mhasibu kageuka fundi waya! Mwache acheke. Nilinunua mita ya kupimia umeme, bati la kulehemu na mipira ya kufunika viungo, nikakaa chini ya usukani mwishoni mwa wiki hadi shingo ikakakamaa.

Kwenye swichi ya ufunguo unatafuta nyaya za aina nne. Wa betri unasoma volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wa vifaa, redio na wenzake, unapata umeme ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza, na hukatika stata inapozunguka. Wa ignisheni unapata umeme ufunguo ukiwa ON na haukatiki stata ikizunguka. Wa stata unapata umeme pale tu unapowasha. Usiamini rangi ulizoziona kwenye video ya mtu. Magari ya jina moja yanaweza kutofautiana nyaya. Pima. Nyaya zenye ganda la njano ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka kwenye ajali, usiziguse hata kwa taa ya kupimia. Ukishajua kila waya, ondoa hasi ya betri, ndipo ukate. Kufungua dashibodi sitaeleza, ni bisibisi na uvumilivu.

Sasa nyaya zinazorukwa. Kisanduku cha alamu kinachowasha gari kwa rimoti kina waya mmoja wa boneti na mwingine wa breki. Hizi hata usipoziunganisha gari litawaka vizuri kabisa, na ndiyo sababu fundi wa nusu saa anaziacha zinaning'inia. Wa boneti unakwenda kwenye swichi ndogo inayozuia injini kuwaka boneti ikiwa wazi. Fikiria umeinamia mkanda na feni, na mwanao sebuleni anachezea rimoti. Wa breki unaizima injini mtu akikanyaga breki kabla ya kuweka ufunguo. Mwizi akivunja kioo gari likiwa linanguruma, kwenye oto, gari linalobadili gia lenyewe, hawezi kuitoa gia P, ya kuegesha, bila kukanyaga breki, na akikanyaga tu, kimya. Wewe mwenyewe unaingiza ufunguo, unazungusha hadi ON, ndipo unakanyaga. Mtu anayeziruka nyaya hizi mbili anakuuzia sauti ya twiti twiti, na sisi tunanunua, kwa sababu tunapenda kazi iishe haraka. Tunapenda kudanganywa, tuseme ukweli.

Halafu dada umeniambia gari lako ni la gia za mkono. Weka alamu, ya kuwasha achana nayo. Sisi wa nyanda za juu huku kila kiwanja kina mteremko, tumezoea kuegesha gari likiwa ndani ya gia. Stata haijui hilo. Itazunguka, na gari litaruka mbele na yeyote aliyesimama hapo. Kuna swichi ya klachi inayozuia, ila fundi ataipita ili rimoti ifanye kazi, atakuambia "nimeiweka sawa". Oto haina shida hii mradi fundi hajaichezea swichi inayozuia stata gari likiwa ndani ya gia.

Ufunguo wenye chipu una mtihani wake, maana gari haliwaki bila kuitambua chipu hiyo: wengine huficha ufunguo wa akiba ndani ya dashibodi ili gari likubali kuwaka. Hapo umemwachia mwizi nusu ya kazi. Na usiwashe gari lililo ndani ya banda lililofungwa, eti kwa ajili ya joto. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, hewa ile ile ya jiko la mkaa chumbani, na tunajua inavyofanya huku kwetu kila msimu wa baridi.

Waya wa hasi wa alamu, unaofungwa kwenye bodi ya gari: kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza na bolti. King'ora kielekeze mdomo chini maji yasikae. Hayo madogo, lakini nenda nayo.

Kilichonisumbua zaidi mwishoni ni kihisi cha mtikisiko. Nyumba yangu haiko mbali na barabara kuu ya Tunduma, na semi ikipita usiku alamu inalia, mama jirani akawa ananisalimia kwa kuguna. Kuna kidude cha kuzungusha kwa bisibisi ndogo: punguza kidogo, gonga kioo kwa kiganja, punguza tena. Nilipoacha, malori yakawa yanapita kimya na ngumi kwenye mlango bado inaliza king'ora.

Wanaoniuliza kama naweza kuwafungia kwa malipo, akiwemo shemeji yule yule aliyecheka: hapana. Nina hesabu za watu za kufunga mwisho wa mwezi. Mita naazimisha, irudi na betri yake.