Medali ile isikudanganye: yaliyonikuta mbio za nyika mkongeni

Juzi dada mmoja wa Pangani kaniandikia: "Kaka, nimeona picha yako na medali. Nami mwakani nataka kukimbia nyika, nianzie wapi?" Nikamjibu maneno mawili matatu ya kishujaa, kisha nikaona haya. Medali ile alipewa kila aliyefika mwisho. Mimi nilikuwa wa 41 katika watu 63. Basi acha niseme yote.

Zilikuwa kilomita 10, hapa Tanga, ndani ya shamba la mkonge njia ya kwendea Amboni. Nilijiandaa miezi minne, ambayo sitakuchosha nayo: alfajiri kutoka Chumbageni, napita Bombo hadi Raskazone, narudi nikaoge niende kazini. Lami tupu, na upepo wa bahari usoni. Nikajiona nimeiva.

Tuliambiwa tunaanza saa 12 na nusu. Mgeni rasmi akaja saa 2 na robo, akahutubia. Sisi tulikuwa tumeshapasha misuli mara tatu, tumemaliza maji, na jua limeshapita vichwa vya milingoti ya mkonge. Filimbi ilipolia nikachomoka kama Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, alipoongoza mita 1500 tangu mwanzo mpaka utepe akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32. Bayi alijua anachokifanya. Mimi nilikuwa namringia shemeji yangu, aliyekuja kutazama na baiskeli yake.

Kilomita mbili za mwanzo nilikuwa katika kumi bora. Haki ya Mungu, na ningekuwa na picha ya pale ndiyo ningeibandika. Ya tatu, njia ikaingia katikati ya mistari ya mkonge, nyembamba ya mtu mmoja, udongo mwekundu umelowa mvua ya usiku. Raba zangu nilizinunua Mgandini, mtumba safi, ila soli yake laini kama sahani. Nikateleza, nikanyoosha mkono nishike chochote. Usishike mkonge, ndugu yangu. Ncha ya jani lake ni sindano, na utomvu wake ukiingia penye mchubuko utajikuna hadi kesho kutwa.

Tulipofika karibu na korona, yaani mtambo wa kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, ile harufu ya machicha ya mkonge ikanipanda kichwani na chapati mbili za asubuhi zikaanza kuuliza njia ya kutokea. Hapo ndipo akanipita kijana wa kama miaka 14, peku, anahema taratibu. Akageuka kwa adabu zote: "Shikamoo." Wallahi sikuwa na pumzi ya kusema marahaba. Nilimpungia mkono, akapotea.

Kilichonitokea si ajabu kwa pwani yetu. Hewa ya huku imejaa unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ukianza kwa kasi joto linakujaa ndani, na halitoki tena. Mwaka 2007 mashindano ya dunia ya nyika yalifanyika Mombasa, hapo jirani tu. Kenenisa Bekele, Mwethiopia aliyekuwa akitwaa ubingwa ule kila mwaka, alijitoa mzunguko wa mwisho. Akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Kama pwani ilimfanya hivyo Bekele, wewe na chapati zako ni nani?

Kwa hiyo anza polepole. Nitarudia: polepole. Kilomita mbili za mwanzo wakupite wote, hata akina mama wa kitenge, nyamaza. Nilipokubali kutembea kidogo halafu nikakimbia kwa mwendo wangu, niliwapita watu tisa. Tisa, niliwahesabu. Na siku moja kabla, nenda ukaitembee njia yenyewe kwa miguu. Mazoezi fanyia kwenye udongo na mchanga, maji yakitoka ufukweni nenda huko, lami waachie wa lami. Na uanze polepole.

Sasa lipo jambo linaloniuma mpaka leo. Karibu na reli ya zamani ya troli, jamaa mmoja alikata kushoto katikati ya mkonge, akaibukia mbele kama mita mia nne. Nilimwona kwa macho yangu. Alimaliza wa 30 na kitu. Nilipomwambia msimamizi, akacheka: "Mzee, hizo zimeshaisha, kanywe soda." Vijana, kuiba njia ni kujiibia mwenyewe. Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico City mwaka 1968, goti likatoka mahali pake, akafungwa bendeji akaingia uwanjani wa mwisho wakati watu wengi wameshaondoka. Angeweza kupanda gari. Nyinyi mkonge wa mita mia nne unawashinda?

Shemeji naye nyumbani ameshasimulia kwamba alinisubiri mpaka akapata usingizi. Mwakani simwaliki.

Dada wa Pangani, la mwisho: njoo na pini zako nne. Sisi tuligawiwa mbili mbili, namba yangu ikaning'inia kifuani kama karatasi ya mnada, na kwenye mstari wa mwisho karani akaniandika wa 14 badala ya wa 41. Kwa dakika moja nilikuwa wa 14. Nilikaa kimya mpaka akagundua mwenyewe.