Afya ya jamii au jerontolojia? Soma hii kabla hujajaza fomu ya uzamili

Wengi wanaoniuliza kuhusu uzamili ni wauguzi na matabibu waliokwisha kukaa wodini miaka kadhaa. Wanataka kusoma kitu kinachohusu wazee, kwa sababu wazee ndio wanaowahudumia kutwa: presha, kisukari, kiharusi, nyonga iliyovunjika bafuni. Swali ni moja: nisome afya ya jamii, au jerontolojia, yaani elimu ya uzee? Najua jibu langu haliwafurahishi wote. Kama unategemea kufanya kazi Tanzania, chukua shahada ya afya ya jamii, halafu uzee uuingize humohumo.

Sababu yangu ni ajira. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira uone kada zilizomo: muuguzi, tabibu, afisa afya, afisa ustawi wa jamii, mtakwimu. Mtaalamu wa jerontolojia mimi sijamkuta. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na dirisha la wazee unaliona hospitalini. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Kazi ipo tele. Cheo cha kazi hiyo ndicho bado. Ukiwa na uzamili wa afya ya jamii unaingia kwenye timu ya afya ya halmashauri, taasisi ya utafiti, shirika au chuo, na ukishakaa ndani hakuna anayekukataza kushika mambo ya wazee. Wengine watakushukuru, maana hawayataki.

Tofauti ya masomo yenyewe ni kubwa kuliko majina yanavyoonyesha. Afya ya jamii inakupa epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii), takwimu, sera, uendeshaji wa huduma na afya ya mazingira. Jerontolojia inamfuata mtu anavyozeeka: mwili, kumbukumbu, kipato, ujane, upweke, nani anampikia. Hakuna inayokufanya daktari wa wazee. Huo ni ubingwa wa tiba, unaanza na udaktari, na kama ndiyo ndoto yako basi makala hii si yako.

Kwa hapa kwetu, uzamili wa afya ya jamii unapatikana vyuo vikuu vya afya vya MUHAS (Muhimbili) Dar es Salaam, KCMC (zamani KCMUCo) Moshi na CUHAS (Bugando) Mwanza, bila kusahau Makerere kule Kampala. Uliza mapema kama chuo kina mkondo wa walio kazini. Mimi nilisoma huku mshahara unaingia, na nakwambia usingizi ulipungua lakini watoto walilipiwa ada. Kabla hujaanza, jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Ni ya bure, na atakayesubiri kufundishwa takwimu darasani ataanza kukimbia wenzake wakiwa wameshafika.

Sasa tasnifu, maana hapo ndipo unapojitengenezea ujerontolojia wako. Mimi nilichukua presha kwa wazee wa vijijini Kilimanjaro. Mkoa huo una urithi ambao wanafunzi wengi hawaujui: watafiti wa KCMC na wenzao wa Uingereza wamewafuatilia wazee wa wilaya ya Hai kwa miaka mingi, na utafiti wao wa 2010 kuhusu ugonjwa wa kusahau ulikuta takribani wazee 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Soma kazi hizo kabla hujatunga dodoso lako. Vipimo vya kumbukumbu vilivyokwisha kujaribiwa kwa wazee wetu vina thamani kuliko ulichokipakua kikamtaka bibi asiyewahi kwenda shule achore saa.

Shida ya kwanza utakayokutana nayo ni umri. Bibi anakwambia ana miaka 70, na mwanawe wa kwanza, amekaa hapo pembeni, ana 61. Kitambulisho kina tarehe 1 Januari, kama vya nusu ya kijiji. Ukiandika unachoambiwa, majibu yako yatajaa 60, 65, 70, 75, na katikati kutabaki mapengo. Dawa yake ni kalenda ya matukio. Bendera ilipopandishwa 1961 ulikuwa umeshaolewa? Azimio la Arusha, 1967, ulikuwa na watoto wangapi? Vita vya Kagera vilipoanza 1978, huyu alikuwa ameanza shule? Inachukua muda, na muda huo ndio utafiti wenyewe. Kumbuka pia kwamba miaka 60 ndiyo inayofungua mlango wa msamaha wa matibabu, kwa hiyo mwenye 57 ana kila sababu ya kujiongezea. Simlaumu.

Halafu kuna ndugu wanaojibu kwa niaba yake. "Mama hasikii vizuri, niulize mimi." Ukikubali, umepima presha ya mama na maoni ya binti. Msogelee mzee, ongea taratibu, nenda asubuhi kabla hajachoka, na tafuta msaidizi anayejua Kichaga cha kijiji kile, kwa sababu kuna mambo hayasemeki kwa Kiswahili. Ule mpango wa dakika 20 kwa dodoso ufute. Shikamoo, habari za wajukuu na kikombe cha chai havimo kwenye bajeti, lakini bila hivyo hupati kitu. Vibali navyo vianze mapema: maadili ya utafiti, halmashauri, mtendaji wa kijiji. Kila ngazi ina mhuri wake.

Nani basi aende moja kwa moja kwenye jerontolojia? Anayetaka kufundisha chuo kikuu au kubobea kwenye utafiti wa uzee, au anayeishi nje tayari. Chuo Kikuu cha Southern California kina skuli nzima ya jerontolojia tangu 1975, ila ada yake kwa mshahara wa halmashauri usiiote bila mfadhili. Uingereza kuna Southampton. Malta kuna taasisi ya kimataifa ya uzee iliyoanzishwa kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa mwaka 1988, na kozi zake fupi ndizo ninazompendekezea mtu mwenye uzamili wa afya ya jamii mkononi.

Kuhusu ufadhili, soma masharti mpaka mstari wa mwisho. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanalipia mwaka mmoja huko, wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kozi za maendeleo za DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, nazo zinataka miaka miwili kazini, na kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6, kwa hiyo ukikawia sana unajifungia mlango mwenyewe. Jumuiya ya Madola wana ufadhili wa masomo ya masafa, unasoma chuo cha Uingereza ukiwa Njombe. Ukisoma nje, fahamu kwamba cheti kitapitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa, hivyo chunguza chuo kabla ya kulipa hata senti. Na barua ya ruhusa ya masomo iombe kwa mwajiri kabla ya udahili kutoka, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.