Barua kwa mwanangu: fidla na kiti cha mkurugenzi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, nikausikiliza peke yangu, kisha nikausikiliza tena na mama yako. Unasema bodi ya mradi wa watoto unakofundisha hapo Nairobi inataka uwe mkurugenzi kuanzia Januari. Halafu ukaniuliza: "Baba, nikishaanza kukaa ofisini, nitakuwa mpiga fidla bado, au ndiyo basi?" Swali hilo halijibiki kwa simu inayokatika kila dakika, ndiyo maana naandika.

Mimi wa taarab, wewe wa klasiki, kwa hiyo sitakupa mfano wangu. Nitakupa wa Isaac Stern, yule mpiga fidla wa Marekani. Rekodi zake ulikua ukizisikia hapa nyumbani Unguja kabla hujajua kushika upinde, lakini nadhani maisha yake hujayafuatilia, na yeye alishika yote unayoyaogopa kuyashika pamoja: kupiga, kufundisha na kuongoza.

Alizaliwa mwaka 1920 Kremenets, mji ulio Ukraine ya leo, wazazi wakamhamishia San Francisco angali mchanga. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Naoum Blinder, kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya mji huo. Mwaka 1937, akiwa na miaka 17, alipiga kwenye ukumbi wa muziki wa Town Hall, New York, na wahakiki wakamsifu nusu nusu. Basi kijana akapanda basi la abiria, akazunguka nalo Manhattan kwa saa nyingi, akijiuliza: nichukue kazi ya mshahara kwenye okestra, au nirudi nikajifue tena? Akarudi kujifua. Januari 1943 ndipo alipopanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa muziki hapo New York, kwa mara ya kwanza na onyesho lake mwenyewe, na kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana ndiyo yanayokuhusu. Carnegie Hall ilifunguliwa mwaka 1891, mtunzi Tchaikovsky mwenyewe akiwemo katika sherehe, akiongoza muziki wake. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1950, okestra ya New York Philharmonic, mpangaji wake mkubwa, ilikuwa inajiandaa kuhamia jengo jipya la Lincoln Center. Ukumbi bila mpangaji ni hasara kwa mwenyewe. Mchoro wa ghorofa la ofisi ulishatoka hadi gazetini, ghorofa 44, na ukumbi ulikuwa uvunjwe. Stern hajatimiza miaka 40, maonyesho yamemjaa, lakini aliingia kwenye mambo ambayo hakuna chuo cha muziki kinachoyafundisha: kupiga simu kwa matajiri, kuunda kamati, kukaa na wanasiasa wa jimbo mpaka sheria maalumu ikapitishwa. Mwaka 1960 jiji la New York likaununua ukumbi kwa dola milioni 5, shirika likaundwa la kuuendesha, na yeye akawa rais wake. Alikaa kwenye nafasi hiyo mpaka alipofariki, Septemba 2001.

Ninachotaka ukione hapo ni kwamba hakuanza kwa kutaka cheo. Alikuwa na kitu kimoja alichokataa kiangamie, cheo kikaja nyuma. Kwa hiyo kabla hujaniuliza utabaki nani, jiulize hao watoto wako wangekwenda wapi kama mradi ungekosa mtu. Kama jibu ni kwamba yupo mwingine anayeweza na anayetaka, mwachie. Lakini kwa ulivyonieleza habari za mkurugenzi anayeondoka, na ada za mitihani ambazo hakuna anayejua zitatoka wapi, sioni mwingine.

Sitakuficha upande wa pili. Stern alilipa. Miaka yake ya baadaye wahakiki waliandika waziwazi kwamba upigaji wake umekuwa wa kupanda na kushuka, kwamba mikutano na simu zimekula mazoezi. Nimezisikiliza rekodi za miaka ya 1950 na zile za uzeeni, na kwa hilo huhitaji shahada. Kwenye zile za mwanzo, akipanda juu kabisa kwenye uzi mwembamba, kidole kinatua na sauti inafunguka palepale. Za baadaye, kidole kinafika halafu kinatafuta. Ni kitambo kidogo mno, lakini mimi na wewe tunakisikia. Wapo wanaosema ni umri tu. Umri upo, ila mimi naona hata kijana asiyepiga wiki nzima anatafuta vilevile.

Kuhusu kufundisha, wewe unadhani ukurugenzi utakutoa darasani. Yeye hakuwa mwalimu wa kushika darasa kila wiki, lakini angalia alivyofundisha. Pinchas Zukerman, baadaye mpiga fidla mashuhuri, alikuwa bado mtoto huko Israel Stern alipomsikia, akasaidia apelekwe New York kusoma, akawa mlezi wake huko. Mwaka 1979 Stern alikwenda China, nchi ambayo miaka michache nyuma muziki wa Magharibi ulikuwa kosa la kufungiwa mtu; pale Shanghai alikutana na mwalimu wa fidla, Tan Shuzhen, aliyewahi kufungiwa katika kijichumba chini ya ngazi. Wanafunzi wa China walikuwa na vidole vyepesi sana. Stern akamsimamisha binti mmoja katikati ya wimbo, akamwambia aweke fidla chini, aimbe hicho anachokipiga. Akaimba. "Haya, sasa kipige ulivyokiimba." Mara fidla ikawa nyingine. Sisi wa taarab hilo tunalijua tangu utotoni, kwa sababu mwimbaji akimaliza mstari ni fidla inayomjibu, na huwezi kumjibu mtu ambaye hukumsikia akivuta pumzi. Hata hivyo nilifurahi kuona bingwa wa klasiki anasema vilevile.

Na lipo hili la Ujerumani, ambalo mimi hulifikiria mara nyingi. Baada ya Wajerumani wa Hitler kuwaua Wayahudi wenzake, Stern aliapa kutopiga huko, na hakupiga. Lakini mwaka 1999, mzee wa karibu miaka 80, alikwenda Cologne akafundisha vijana kwa siku kadhaa. Jukwaani alikataa mpaka mwisho, darasani akaingia. Mtu wa namna hiyo huwezi kuniambia kufundisha kwake kulikuwa kazi ya pembeni.

Basi jibu langu ni hili: kubali, lakini usikubali mkataba waliokuletea. Waambie waandike ndani yake kwamba asubuhi mpaka saa nne ni zako na fidla, hakuna kikao, hakuna mfadhili, hata awe ametoka wapi. Ukiwaomba kwa mdomo watasema ndiyo, na Machi utakuta umeitwa kikao cha saa mbili unusu. Dai pia mtu wa hesabu. Yehudi Menuhin, mpiga fidla mwingine mashuhuri, alipoanzisha shule yake ya watoto Uingereza mwaka 1963 hakujifanya mwalimu mkuu. Aliajiri mwalimu mkuu, yeye akaja kuwasikiliza watoto na kupiga nao. Wewe risiti hukuzipenda tangu ukiwa mweka hazina wa madrasa, usijidanganye kwamba utazipenda sasa.

Lile kundi lenu la watu wanne usiliache. Mkipungukiwa na maonyesho, pigeni uani kwa jirani hata kama nusura mfukuzwe, au barazani, popote, ilimradi pawepo mtu mwingine anayekusikia ukikosea. Stern naye, pamoja na ukumbi mzima mabegani, alipiga miaka na miaka katika kundi la watatu na Eugene Istomin kwenye piano na Leonard Rose kwenye chelo. Nadhani hao wawili ndio waliomshika asizame kwenye mafaili.

Jaribu mwaka mmoja, kisha tuzungumze. Ukija Unguja kwa Idi njoo na fidla, nikusikie mwenyewe, maana kwa simu kila mtu anapiga vizuri.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama kazi hiyo ina bima ya matibabu. Muulize mwenyekiti wa bodi kabla hujatia saini.

Baba yako